Nani Atakayenunua Mafuta?

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Tunawasalimu ninyi mlio majumbani, ninyi mlio safarini, na hasa ninyi mnaotusikiliza kutoka katika chumba ambacho siku hizi hamtoki sana. Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo makanisani kwetu husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni ugonjwa wa akili, na zaidi ya ugonjwa wenyewe, yale yanayofuata mtu akiisha kupata nafuu.

Wazee wetu walisema kwamba akili ni mali. Ni mithali njema, na watoto hufundishwa shuleni. Lakini je, mtu aliyeugua akili amefilisika? Amekwisha? Au iko mali aliyobaki nayo, ambayo Mungu anaweza kuanzia hapo?

Tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Yuko mama mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, naye alikufa akiacha deni. Sasa mwenye kudai anakuja, wala haji kuchukua mbuzi au kitanda. Anakuja kuwachukua wana wawili wa yule mama wawe watumwa. Mama anamlilia Elisha. Elisha hampi fedha, wala hamwambii asubiri. Anamwuliza ana nini nyumbani. Mama anajibu kwamba nyumba ni tupu, imebaki chupa ya mafuta tu. Basi anatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena vingi. Anafunga mlango, anamimina, na vyombo vinajaa vyote. Kisha Elisha anamwagiza ayauze mafuta, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki.

Tukisoma habari hii huyatazama sana yale mafuta yaliyoongezeka. Ni haki, maana hiyo ni kazi ya Mungu. Lakini leo tuwatazame pia watu ambao Biblia haikuwataja kwa majina. Kwanza ni majirani waliotoa vyombo vyao. Pili ni wanunuzi. Mafuta yaliyojaa ndani ya vyombo hayalipi deni la mtu mpaka mwingine aje, atoe fedha, ayachukue, akayatumie nyumbani mwake. Kama mji ule wote ungalisema, "Mafuta ya mjane yule yana mkosi," muujiza ungalikaa sakafuni mpaka ukaharibika, na wale vijana wangalichukuliwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 970 walikuwa wakiishi na maradhi ya akili ya namna mbalimbali, yaani mmoja katika kila watu wanane. Kwa hiyo katika kanisa lenye watu mia mbili, yaelekea wako kadhaa. Wengine wana huzuni nzito isiyoondoka. Wengine wana wasiwasi unaowanyima usingizi. Wengine husikia sauti ambazo jirani hazisikii. Wengine mwezi huu wako juu kama tiara, na mwezi ujao hawawezi kuinuka kitandani. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2020, jopo la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilishauri kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Jambo hili si la nyumba moja wala la ukoo mmoja.

Wako wasemao kwamba Mkristo wa kweli hawezi kuugua hivyo. Hao na wamkumbuke Elia, katika Wafalme wa Kwanza, sura ya kumi na tisa. Mtu wa Mungu, aliyetoka kuona moto ukishuka mlimani Karmeli, aliketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumgombeza. Hakumwambia kwamba hana imani. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akaletewa tena. Mwili ulitunzwa kwanza. Kwa hiyo tusiwatenge sala na dawa kana kwamba ni mahasimu. Yule aliyetuma mkate ule ndiye anayewapa madaktari na wauguzi maarifa leo.

Lakini Mungu hakukoma hapo. Elia alipokwisha kupata nguvu na kufika Horebu, Mungu alimpa kazi ya kufanya, tena akampa mwenzake wa kumsaidia. Mwenzake huyo alikuwa nani? Ni Elisha, yule yule aliyekuja kumsaidia mjane wa somo letu. Angalieni mpango huo: chakula na usingizi, kisha kazi, kisha mwenzi. Katika uponyaji wa Mungu, kupata nafuu bado si mwisho wa safari. Mtu hurudishiwa sababu ya kuamka asubuhi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza mwaka 1910, na tangu wakati huo wengi wameingia wakiwa wagonjwa wakatoka wakiwa na nafuu. Hata hivyo imeripotiwa mara nyingi kwamba wako waliopata nafuu humo ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. Na wengi wanaorudi nyumbani hukuta mahali pao pamekwisha kuchukuliwa. Kazi ya zamani imepewa mwingine. Shamba linalimwa na ndugu. Hata ufunguo wa nyumba hawapewi. Hula wakipewa, hulala wakiambiwa. Ugonjwa umepungua, lakini utu haujarudi.

Watumishi wa Mungu na wa wagonjwa waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1796, katika mji wa York, Uingereza, Wakristo wa kundi la Quakers walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili. Aliyewaongoza, William Tuke, hakuwa daktari, alikuwa mfanyabiashara wa chai. Siku hizo wagonjwa wengi walifungwa minyororo. Katika nyumba ile walitendewa kama watu wa heshima, wakapewa kazi za bustani na za kushona. Quakers hao ndio kanisa la Friends ambalo twalijua vema hapa Kenya tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902.

Afrika nayo haikukaa kimya. Mwaka 1954, kule Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa katika vijiji vilivyozunguka hospitali. Walikuja na jamaa zao, wakakaa katika nyumba za wanakijiji, asubuhi wakitibiwa na saa nyingine wakishiriki kazi za kijiji. Na tangu mwaka 2006, mjini Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha wanawake wazee kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wale ambao kwa Kishona husemwa kwamba wanawaza kupita kiasi. Wakiisha kusikilizwa, wagonjwa hukaribishwa katika kikundi cha wenzao. Humo huzungumza, na huku mikono yao inafuma mikoba ya kuuza. Huenda kwa mazungumzo, wakarudi na mazungumzo na senti kidogo mfukoni.

Sasa tutoke Harare turudi kwetu, maana mfano ulio karibu hufundisha zaidi. Katika parishi moja tuliyoitumikia alikuwako mama wa watoto wawili. Alipojifungua yule wa pili, akili yake ilivurugika, akakaa hospitali miezi mitatu. Aliporudi, mama mkwe wake alificha kisu na kiberiti. Wenzake kanisani walimwondoa katika zamu ya kupika chai, wakimwambia kwa upole kwamba apumzike. Alipumzika mwaka mzima, nyuma ya nyumba, akiutazama ukuta.

Siku moja kliniki muuguzi alimwuliza, kabla hujaugua ulikuwa ukifanya nini vizuri? Akajibu kwamba alikuwa akipika mandazi. Mumewe alinunua pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2, hamira, sukari na mafuta. Jiko na karai vilikuwako. Akapika mandazi kama 40, akayapeleka kando ya steji ya matatu pamoja na birika la chai. Jioni alirudi na 30. Kesho yake alirudi na zaidi ya hayo. Akina mama waliwaonya watoto wao, "Msile vya yule. Hamjui alitoka wapi?"

Siku ya nne alikuja bibi mmoja mzee wa Umoja wa Akina Mama, mwenye fimbo yake. Akavuta stuli akaketi. "Nipe mbili, mwanangu, na chai. Nitakula hapa hapa." Alikaa kama saa nzima. Kila aliyepita alimwamkia, kwa kuwa ni mzee anayeheshimiwa, na kila aliyemwamkia alimwona anatafuna. Hakuhubiri neno hata moja. Alilipa, akaenda zake, na kesho yake akarudi. Kufikia mwisho wa juma mandazi yalikuwa yakiisha kabla ya saa tatu.

Wapendwa, bibi yule alikuwa mnunuzi wa mafuta. Mungu alikwisha kuweka ujuzi mikononi mwa yule mama, na dawa ilikwisha kuituliza akili yake. Kilichokosekana ni mtu wa kula mandazi yake hadharani.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka moja kwa moja. Mwaka wa pili ugonjwa ulirudi. Alianza kukosa usingizi, akawa anakanda unga saa nane za usiku, akawagawia watu mandazi bure na kuwaambia kwamba karibu atanunua lori. Mumewe alizitambua dalili hizo, akampeleka kliniki mapema. Alikaa wiki tano bila kuuza. Jirani yake, muuza nyanya, aliilinda ile meza, na kila aliyeuliza alimwambia, "Anarudi." Naye alirudi, akakuta mahali pake papo. Siku hizi ana meza mbili na msichana wa kumsaidia. Bado humeza dawa yake kila jioni. Tulimwuliza kazi ile imempa nini, akasema, "Zamani watu waliniuliza, umemeza dawa? Siku hizi wananiuliza, mandazi yako tayari?"

Basi kwanza tuseme nawe, ndugu au dada uliyetoka katika ugonjwa huu. Elisha hakumwuliza mjane amepoteza nini. Alimwuliza ana nini nyumbani. Jiulize swali hilo. Labda unajua kushona, kunyoa, kutengeneza viatu, kufuga kuku, kuchoma mahindi. Anza na kilichopo, wala usikimbilie mkopo mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Biashara ndogo ina faida kwako: huamui mambo mengi kwa siku moja, na ukichoka waweza kufunga saa sita ukapumzika.

Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri. Mara nyingi umejisikia vizuri kwa sababu unaimeza. Daktari peke yake ndiye wa kukuambia upunguze au uache. Ikiwa dawa inakutia usingizi au mikono inatetemeka, mwambie, maana mara nyingi yako mambo anayoweza kurekebisha. Siku ya kliniki funga kibanda bila kuona haya. Lala mapema, maana kwa wengi usingizi ukipotea ndiyo dalili ya kwanza.

Tena uwe na daftari, uandike kinachoingia na kinachotoka. Fedha ya mtaji usiichanganye na fedha ya unga wa nyumbani. Mchague mtu mmoja unayemwamini akutazamie daftari hilo kila juma. Si kwamba wewe ni mtoto. Wafanyabiashara wakubwa nao wana wakaguzi wa hesabu. Patana naye ukiwa mzima, ukimwambia, "Ukiniona nakopesha kila mtu, au nanunua bidhaa ambazo sitaweza kuziuza, nishike mkono twende hospitali."

Kwenu jamaa zake twasema hivi. Msaidieni, lakini msimnyang'anye kazi. Wako ambao biashara ya mgonjwa ikianza kuleta faida, wao huchukua fedha yote wakisema wanamtunzia. Hata kama malipo yanaingia kwa M-Pesa, na iwe ni simu yake na namba yake. Na siku akikosea hesabu, msiseme ni ugonjwa. Kila mwenye duka hukosea hesabu.

Kwenu makanisa yetu twasema hivi. Twajua sana kuombea, na tuendelee kuomba. Twajua pia kutoa sadaka, na siku ya njaa sadaka ni lazima. Lakini sadaka humfanya mtu aseme asante, na ununuzi humfanya aseme karibu. Asemaye karibu ni mwenyeji, ana mlango wake. Kwa hiyo tukanunue kwake. Tusimlipe zaidi kwa kumhurumia, wala tusimpunje kwa kumdharau. Tulipe bei iliyo haki. Tusikope kwake kisha tukachelewa kulipa, maana deni dogo la wateja watano laweza kuumaliza mtaji wa kilo 2 za unga. Kanisa likiwa na mkutano na linahitaji chai, sare za kwaya au viti vya kukodi, tufikiri je, hakuna ndugu yetu mmoja wa namna hii anayeifanya kazi hiyo?

Na vikundi vyetu vya kuweka akiba vimkaribishe. Mchango wake uwe sawasawa na wa wengine, na zamu yake ya kupokea isirukwe. Hivyo ndivyo vile vyombo vitupu vya majirani. Havikuwa na thamani kubwa, lakini bila hivyo mafuta yangalikosa pa kuingia.

Tena tuchunge ndimi zetu. Mwaka 2022 Bunge la Kenya liliirekebisha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ili kuzitilia nguvu haki za wagonjwa. Lakini hakuna askari awezaye kusimama kwenye kila steji kuzuia neno "kichaa". Hilo ni letu sisi. Mtoto akilisema nyumbani, tumrekebishe hapo hapo.

Liko neno moja zaidi, na tusipolisema tutamwumiza mtu. Wako ambao ugonjwa wao ni mzito, hawatauza mandazi wala kushona nguo, leo wala kesho. Je, hao hawana thamani? Hasha. Mtu hakuumbwa kwa mfano wa Mungu kwa sababu analeta faida. Biashara haimfanyi mtu kuwa mtu. Yeye ni mtu tayari, na kazi ni mlango mmoja wa kuuonyesha utu huo. Asiyeweza kupita mlango huo na apate mwingine: kiti chake katika ibada, jina lake likitajwa kwa upendo, mkono wa kumshika wakati wa Amani.

Wapendwa, juma hili kila mmoja wetu anaweza kufanya jambo moja. Yuko mtu katika mtaa wenu ambaye meza yake haina wateja, na sababu yake kila mtu anaijua wala hakuna anayeisema. Nenda kwake mchana, watu wakiona. Mwamkie kwa jina. Nunua unachohitaji, lipa, na urudi tena kesho. Mungu ndiye aongezaye mafuta. Sisi ametuachia kuazimisha vyombo na kununua.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyemlisha Elia alipochoka kuishi, uwaangalie wote ambao akili zao zimechoka. Uwape usingizi, dawa na marafiki. Uzibariki meza ndogo, majiko, cherehani na daftari za wale wanaoanza upya. Uwape madaktari na wauguzi hekima na uvumilivu. Utuondolee sisi hofu, utufanye majirani wa kweli, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na Bwana awe nanyi nyote.